Mawimbi ya Uvutano na Madonge ya Maada ya Giza

Tarehe 29 Mei, 1919, Jua lilipopatwa, wanafalaki wa Kiingereza waliokuwa katika kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, na wenzao waliokuwa Sobral, Brazil, walipiga picha za nyota zilizoonekana karibu na Jua. Picha hizo ziliunga mkono hoja ya Albert Einstein kwamba uvutano hupinda njia ya mwanga. Kitu kizito, basi, hufanya kazi kama lenzi.

Kanuni hiyo sasa inatazamiwa kufumbua fumbo jingine. Yakadiriwa kuwa sehemu 85 hivi katika kila 100 za maada yote ya ulimwengu ni maada ya giza, isiyotoa mwanga wala kuuzuia. Ikiwa chembe zake zilikwenda polepole tangu mwanzo, yapasa yawepo madonge madogo mengi sana. Ikiwa zilikwenda kasi, madonge hayo hayakuweza kujijenga. Madonge madogo hayana nyota, kwa hiyo ni vigumu mno kuyagundua kwa darubini.

Hapo ndipo mawimbi ya uvutano yanapofaa. Mawimbi haya hutokea, kwa mfano, mashimo meusi mawili yanapozungukana na kuungana. Mitambo ya LIGO nchini Marekani iliyanasa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba, 2015. Wimbi linalotikisika mara 100 kwa sekunde lina urefu wa kilomita 3,000 hivi.

Urefu huo ndio ufunguo. Wimbi refu la bahari hupita mti wa kufungia ngalawa bila kubadilika, lakini likikuta kisiwa hugawanyika, na sehemu zake hukutana tena nyuma yake. Vivyo hivyo, kitu kilichosongamana chenye uzito wa Jua mara 1,000 hivi huweza kulitibua wimbi la uvutano la urefu huo. Tena, kadiri mashimo meusi yanavyokaribiana ndivyo wimbi linavyofupika: mwanzoni hulipita donge kana kwamba halipo, kisha nguvu yake hupanda na kushuka. Alama hiyo huwezesha kukadiria uzito wa donge.

Uchunguzi wa vipimo vya mwaka 2019 hadi 2020 haukupata alama ya hakika. Januari 2024 Shirika la Anga la Ulaya liliidhinisha mpango wa LISA, wa vyombo vitatu vitakavyoachana kilomita milioni 2.5 angani, ili kunasa mawimbi marefu zaidi yanayofaa kupimia madonge mazito zaidi. Hata mawimbi mengi yakifika bila alama, hilo nalo litakuwa jibu: maada ya giza haina madonge mengi kama ilivyodhaniwa.