Fahamu: Presha ya gurudumu, ya hewa na ya damu

"Usinipe presha," kondakta anamwambia abiria. Fundi pancha anasema gurudumu lina presha ndogo. Bibi naye ana presha ya kupanda. Je, ni kitu kimoja?

Kwenye fizikia, presha ni nguvu inayosukuma juu ya eneo fulani. Vitabu vya shule huiita kanieneo. Kisu kikali hukata nyanya bila kuiponda kwa sababu nguvu yote inaishia kwenye makali membamba.

Hewa nayo husukuma. Kwenye usawa wa bahari, presha yake ni kama milimita 760 za zebaki. Kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895, hubaki karibu nusu, na maji huchemka kabla ya nyuzi 85.

Presha ya damu hupimwa kwa milimita hizo hizo. 120 kwa 80 ni msukumo moyo unapojikaza, kisha unapolegea. Ikifika 140 kwa 90, na ikabaki hivyo hata vipimo vikirudiwa, huo ni ugonjwa. Wengi hukosea hapa: hudhani mwenye presha lazima awe na hasira au mawazo. Mtu mpole kabisa, asiyeumwa hata kichwa, anaweza kuishi nayo miaka bila kujua. Usingoje dalili, ndugu msomaji. Nenda kapime.