Riwaya, Tamthilia za Televisheni na Utaifa: Mfano wa Singida

Utaifa haurithiwi kama jina la ukoo. Hufundishwa, husomwa na, siku hizi, hutazamwa. Mkoa wa Singida ni kipimo kizuri cha kauli hii. Humo lugha za Kibantu, hasa Kinyaturu na Kinyiramba, hukutana na Kitaturu cha jamii ya Kiniloti na, upande wa Mkalama, Kihadzabe chenye sauti za vidoko. Kwa wengi waliokulia katika lugha hizo, Kiswahili kilikuja kwa njia ya shule, soko na redio.

Mwaka 1983 Benedict Anderson alieleza kuwa taifa ni jumuiya inayojengwa katika fikra: watu wasiojuana hujiona wamoja kwa kusoma maandishi yaleyale. Riwaya ya Kiswahili ilifanya kazi hiyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) inaanzia kijijini Ukerewe. Msomaji wa Iramba asiyewahi kuliona Ziwa Victoria hukutana humo na baba mlevi anayemchapa bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, akatambua kuwa nyumba hiyo ingeweza kuwa ya jirani yake. Hata ubishi uliofanya kitabu hicho kipigwe marufuku shuleni ulihusu swali la nchi nzima: binti alelewe vipi?

Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na tamthilia nyingi zilizopendwa zilitoka ng'ambo. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Nyumba ilikuwa ya Beijing, lakini neno "mkwe" liliingia na heshima na miiko yake ya huku. Lugha ilimgeuza mgeni kuwa jamaa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Tamthilia ya kutafsiriwa huwapa watazamaji lugha ya pamoja. Riwaya iliwapa lugha pamoja na swali la pamoja. Mtoto wa Manyoni anayekisikia Kiswahili kikisimulia Beijing, lakini asikisikie kikisimulia mashamba ya alizeti ya kwao, hujifunza kuwa mambo makubwa hutokea kwingine. Dawa si kuzima televisheni. Ni kuandika riwaya na tamthilia ambamo Singida inasema Kiswahili kwa lafudhi yake, na taifa zima likajitambua humo.