Namba inayofuata dola zako hadi mwisho wa safari

WAFANYABIASHARA wanaoagiza bidhaa kutoka nje wanaijua adha hii: benki imekwishakata fedha kwenye akaunti, lakini muuzaji anadai hajapata kitu na mzigo hauondoki. Wengi huishia kurudi benki kila asubuhi na karatasi ya malipo mkononi.

Ipo namba inayoweza kuwapunguzia safari hizo, ingawa si wengi wanaoiomba. Tangu Novemba 2018, malipo yanayotumwa kati ya mabenki kupitia mtandao wa SWIFT, wenye makao yake Ubelgiji, yanalazimika kubeba namba ya pekee iitwayo UETR. Namba hiyo ni ya ukoo wa UUID, ambazo programu za kompyuta hutumia kutambulisha oda, mafaili na wateja.

UETR ina alama 32, yaani tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, zilizogawanywa kwa vistari katika mafungu matano. Kompyuta huitunga kwa mtindo wa bahati nasibu, bila kuuliza kokote kama imekwishatumika. Namba zinazoweza kutungwa ni nyingi mno, idadi yake ikiwa na tarakimu 37, hivyo hofu ya mbili kufanana ni kama haipo.

Faida yake kubwa ni kutobadilika njiani. Dola za mfanyabiashara wa Kariakoo anayelipa kiwanda cha Guangzhou zinaweza kupitia benki ya New York kwanza. Kila benki ina namba yake ya ndani, lakini UETR hubaki ileile. Kwa kuitumia, benki yako inaweza kufuatilia fedha zimefika wapi na zimekwama benki gani.

Hata hivyo, namba pekee si ushahidi wa malipo, kwani tapeli mwenye kompyuta anaweza kutunga inayofanana nayo. Fungu la tatu lisipoanza na 4, namba hiyo imekosewa au ni ya kughushi. Lakini hata likianza na 4, muuzaji asitoe mzigo mpaka benki yake ithibitishe kuwa fedha zimeingia.

Kwa anayelipa, ushauri ni mmoja: malipo yakishatumwa, iombe benki yako UETR, uitunze pamoja na ankara, na umpatie muuzaji nakala. Mzigo ukichelewa, wote wawili mtakuwa mnaulizia malipo yaleyale.