Ordinatere ya sendika ilizimika katikati ya majina

Tulikuwa Rwambuzi, tunaandika majina ya wenzetu walioumia kwenye mashimo, na ordinatere ikazimika yenyewe. Tulikuwa tumefika jina la ishirini na tatu. Majina kumi na mbili ambayo tulikuwa hatujahifazi yakapotea, na wale waliotoka kariere asubuhi kuja kuyataja walikuwa wamekwisha kurudi.

Ni ThinkPad ya mukono wa pili, inatumia Linux. Ventilatere yake ilikuwa inalia kama pikipiki ya kupanda mulima, basi kijana mumoja anayejua mambo hayo akaituliza. Tulifurahi. Hata batri ilidumu kidogo zaidi, na umeme wetu ni wa jua. Hatukumuuliza ameituliza namna gani, na hilo ni kosa letu.

Alipokuja tena akatueleza. Ndani ya mashini kuna kipande kidogo cha elektroniki kinachopima joto na kuamuru ventilatere. Kuna programu inayoweza kusema na kile kipande. Kwa Kifaransa wanaiita pilote. Ile ya ThinkPad jina lake ni thinkpad_acpi. Inatoa ngazi kuanzia 0, ventilatere inasimama kabisa, mpaka 7, inakimbia mbio. Kuna tena auto, pale kipande kinaamua chenyewe. Waliotengeneza pilote walifunga ruhusa hiyo makusudi; mutu anapashwa kuifungua mwenyewe kwa fan_control=1. Kijana aliifungua, akaweka 2 iwe hivyo kila mashini inapowaka, akaenda kwao.

Wachimbaji watanielewa upesi. Mashini ya kusukuma hewa iko juu, wenzako wako chini ya shimo. Anayeichunga anapunguza mwendo ili kelele isimusumbue, kisha anaenda kula. Juu kimya, mutu anafikiri mambo iko sawa.

Ordinatere yenyewe inajikinga: joto likikaribia digri 100, inajizima mbele ya kuungua. Ndiyo ilivyotufanya.

Lakini pilote ile iko na kitu kimoja kilichonifurahisha, mimi mutu wa sendika. Unaweza kuiwekea mulinzi wa muda, sekunde 1 mpaka 120. Kama programu inayoongoza ventilatere imenyamaza kupita muda huo, labda imekufa, mulinzi anarudisha yote kwa auto. Ila analala mpaka umuamushe. Kwetu hakuna aliyemuamusha.

Tukarudisha auto. Kelele nayo ikarudi, na hapo tu ndipo tukauliza swali la kwanza: kwa nini inalia hivi? Tukafungua chini kwa turnevisi. Vumbi nyekundu ya Bunia ilikuwa imeziba njia ya hewa kama kitambaa. Hakuna pilote inayotoa vumbi. Mashini imezimwa, batri imetolewa, tukashika mabawa ya ventilatere kwa kidole yasizunguke, tukapangusa polepole kwa brosi laini. Tangu siku ile inalia tu wakati kazi ni nzito.

Kama yako ni Dell ao HP, pilote ni nyingine, na kuna mashini ambazo hazikubali kuongozwa kabisa. Usizilazimishe.

Kwa majina kumi na mbili, tumepata tisa. Kama wewe ao ndugu yako uliandikisha siku ile, pitia Rwambuzi na kikaratasi cha hospitali. Sasa tunaandika kwanza kwa daftari.