Harry Dean Stanton

Harry Dean Stanton (14 Julai 1926 – 15 Septemba 2017) alikuwa mwigizaji wa filamu na mwimbaji kutoka nchini Marekani. Kwa karibu miaka 30 aliigiza nafasi ndogo ndogo na kupendwa na mashabiki wachache, kabla ya kujulikana zaidi mwaka 1984 kupitia filamu ya Paris, Texas.

Maisha ya awali

Alizaliwa West Irvine, jimbo la Kentucky. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa mpishi katika meli ya jeshi la majini, na alikuwepo kwenye mapigano ya Okinawa. Baadaye alisoma Chuo Kikuu cha Kentucky, kisha akajifunza uigizaji Pasadena, California.

Kazi

Alianza kuigiza miaka ya 1950. Kwa kuwa alikuwa na uso uliokonda na macho ya huzuni, hakupewa nafasi za mashujaa bali za wafungwa, majambazi na vibarua. Katika Cool Hand Luke (1967) ni mfungwa anayeimba. Katika Alien (1979) ni fundi wa chombo cha angani asiyependa maneno mengi.

Akiwa na umri wa miaka 57, mwongozaji Mjerumani Wim Wenders alimfanya mhusika mkuu wa Paris, Texas. Aliigiza kama Travis, mtu anayetokea jangwani baada ya kupotea miaka minne, na ambaye mwanzoni hasemi neno lolote. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Palme d'Or huko Cannes. Mwaka 1986 vijana wengi walimfahamu kama baba wa msichana katika Pretty in Pink.

Sababu za kupendwa

Stanton hakubadili uigizaji wake ili apendwe na wengi. Ukimya uleule uliomweka pembeni kwa miaka mingi ndio uliombeba Travis. Mtazamaji huona mtu anayesikiliza na kufikiri, si mtu anayejionyesha. Mhakiki Roger Ebert alisema kwamba filamu yoyote yenye Stanton au M. Emmet Walsh katika nafasi ndogo haiwezi kuwa mbaya kabisa.

Miaka ya mwisho

Umaarufu haukumfanya nyota wa kawaida. Alirudia nafasi ndogo, kama katika The Green Mile (1999). Alikuwa mhusika mkuu tena katika Lucky, kuhusu mzee wa miaka 90 anayekabili kifo. Ilianza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani wiki mbili baada ya yeye mwenyewe kufariki, akiwa na miaka 91.