Tabibu wa Karema

Hapo kale njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora katika nchi ya Wanyamwezi, ikafika Ziwa Tanganyika. Kwa njia hiyo watumwa wengi walipelekwa pwani. Mwaka 1888 kijana Adrian Atiman aliishika akielekea bara, naye ni mtu huru mwenye kazi yake.

Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa angali mtoto, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Aljeria. Lakini mtoto aliyeibwa hana ukoo wala nchi. Amekuwa huru, naye ni wa nani? Kardinali Lavigerie alifanya shauri kwamba vijana kama hao wafundishwe utabibu kisiwani Malta, kisha wakatibu wagonjwa na kufundisha dini katika Afrika. Wala hakutaka waishi Kizungu, ili wasiwe wageni kwa watu wao.

Mwaka 1889 Atiman alifika Karema, kando ya Ziwa. Akaoa huko, akajulikana kwa dawa na kwa katekisimu, na mwanawe akawa padre. Hakurudi tena Niger. Alikufa Karema mwaka 1956.