Toleo lipi? Swali ambalo mwongozo wa programu haufai kulikwepa

Mwaka jana rafiki yangu aliniomba nimfasirie mwongozo wa kurasa kumi na mbili. Ulihusu programu huria ya kusajili wagonjwa, na ungetumika katika kliniki moja ndogo upande wa Kawangware. Nilijitolea kwa moyo mkunjufu. Nilikesha nikipima iwapo niseme "bofya" au "bonyeza", "kisanduku" au "nafasi ya kujazia". Kazi ilipokamilika, karatasi zilibandikwa ukutani karibu na kompyuta ya mapokezi, nami nikarudi kwa vitabu vyangu nikijipongeza.

Miezi mitano baadaye simu ililia. Alikuwa karani wa mapokezi.

"Mwalimu, hii karatasi yako inatudanganya. Umesema tuende hapo kwa 'Tafuta' tuandike jina la mtoto. Tukiandika jina inasema hakuna. Kumbe siku hizi inataka namba!"

Programu ilikuwa imesasishwa wikendi. Katika toleo jipya, kisanduku cha ukurasa wa kwanza kilipokea nambari ya mgonjwa pekee. Utafutaji wa jina ulikuwa umehamishiwa kwingine. Karani alifuata karatasi yangu neno kwa neno, akaambiwa na mashine kwamba mtoto hayupo, akamfungulia faili mpya. Kwa siku mbili, watoto kadhaa walipata faili mbilimbili. Mmoja wao alipofika mbele ya muuguzi, skrini ilionyesha kwamba hajapata chanjo aliyokuwa ameshadungwa. Bahati nzuri mama yake alikuwa na kijitabu cha kliniki mkobani. Muuguzi akaiona tarehe kwa wino, akaweka sindano chini, akasema, "Mama, asante kwa kukitunza hiki kitabu."

Nilikwenda kliniki kuikagua karatasi yangu. Sarufi yake haikuwa na doa. Kosa lilikuwa kwamba hapakuwa na mahali popote palipoandikwa: "Maelezo haya ni ya toleo fulani." Nililiacha neno moja na nambari moja, na kuacha huko nusura kumtie mtoto taabani. Ndiyo maana leo nataka tulijadili neno hilo.

Nomino "toleo" inatokana na kitenzi "toa" kupitia kauli ya kutendea, "tolea", kama vile "tokea" inavyotupa "tokeo". Iko katika ngeli ya LI-YA: toleo hili, matoleo haya. Msomaji wa gazeti anaijua vizuri, kwani husema "toleo la leo". Wachapishaji wa vitabu nao wameitumia kwa uangalifu unaofaa kuigwa. Wao hutofautisha "toleo" na "chapa". Kitabu kikichapishwa upya bila kubadilishwa, hiyo ni chapa nyingine. Yaliyomo yakibadilishwa, hilo ni toleo jingine. Kile unachokishika mkononi ni "nakala".

Chukua mfano wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1981, la pili 2004 na la tatu 2013. Mwanafunzi akitafuta "tovuti" katika nakala ya 1981, hataipata, maana tovuti zenyewe hazikuwepo. Akihitimisha kwamba "tovuti" si Kiswahili, atakuwa ameihukumu lugha ya leo kwa toleo la jana. Nimeshuhudia walimu wawili wakizozana hadi chai ikapoa, kila mmoja akigonga kamusi yake mezani, na hakuna aliyefungua ukurasa wa hakimiliki kuona ni toleo lipi.

Maneno haya matatu yanatosha kuelezea programu pia. "Toleo" ni hali ya programu iliyopewa nambari na kutangazwa. "Nakala" ni ile iliyosakinishwa katika kompyuta yako. Yale mambo ambayo bado yanapikwa jikoni tuyaite "rasimu". Hivyo swali la kwanza la fundi kwa karani liwe, "Nakala yenu ni ya toleo lipi?" Tukio la kuitangaza programu halihitaji istilahi mpya, tuseme tu kwamba toleo fulani "lilitolewa" tarehe fulani.

Kwa upande wa maandishi, mambo yamekorogeka zaidi. Wengi huyaita yote "mwongozo", neno ambalo kwa mwanafunzi wa shule ya upili linamkumbusha kijitabu cha kujibia maswali ya tamthilia. Napendekeza "mwongozo" ubaki kwa maandishi yanayomshika mtu mkono hatua kwa hatua, "marejeleo" yawe orodha ya kila amri na kazi yake, na "orodha ya mabadiliko" ieleze nini kimeongezwa, kimehamishwa au kuondolewa. Jumla yake ndiyo "nyaraka" za programu. Katika kisa changu nilifasiri mwongozo peke yake. Laiti mtu angenitumia orodha ya mabadiliko, ningeona kisanduku kimehama.

Sasa tuje kwa nambari zenyewe, ambazo zina mtego wa kiisimu. Programu nyingi hutumia nambari tatu zenye nukta katikati. Kwa desturi iliyoenea, ya kwanza hupanda pakiwa na mabadiliko makubwa yanayoweza kuvunja kazi ya awali. Ya pili hupanda jambo jipya likiongezwa. Ya tatu hupanda makosa yakirekebishwa. Si wote wafuatao desturi hiyo. Koha, programu huria ya maktaba iliyozaliwa New Zealand, iliruka kutoka 3.22 hadi 16.05, kwa kuwa iliamua nambari zake ziwe mwaka na mwezi: Mei 2016.

Mtego uko kwenye nukta. Darasani tumefunzwa kwamba 3.10 ni ndogo kuliko 3.9. Katika matoleo sivyo. Lugha ya programu iitwayo Python ilitoa toleo la 3.9 Oktoba 2020 na la 3.10 Oktoba 2021. Anayesoma "tatu nukta moja sufuri" atadhani amerudi nyuma. Usomaji sahihi ni "tatu nukta kumi". Vilevile, "toleo la 3" si lazima liwe la tatu kutolewa, kwani kabla yake huenda kulikuwa na mengi yenye nukta. Kiunganishi "la" hapa kinabeba jina la toleo na si nafasi yake katika foleni.

Python yenyewe inatupa somo la kitaifa, au angaa la Tom Mboya Street. Vijana wetu hununua vitabu vya kompyuta kwa wauzaji wa "inama", wale wanaotandaza bidhaa kando ya njia hadi mnunuzi ainame. Bei ni nafuu, lakini vitabu vingi ni vya zamani. Kitabu cha Python 2 kitamwambia kijana aandike print "Habari". Akiijaribu kwenye Python 3, mashine inakataa. Inataka mabano: print("Habari"). Kijana anadhani yeye ndiye mjinga. Hajui kwamba usaidizi wa Python 2 ulikoma rasmi tarehe 1 Januari 2020. Kitabu hakikusema uongo kilipoandikwa. Kimepitwa tu, na kwenye jalada nambari ya toleo, kama ipo, imefunikwa na kibandiko cha bei.

Je, wanaotengeneza programu huria huzuiaje balaa hili? Nimewauliza vijana wa fani hiyo kule Ngong Road na Kilimani, nami nimejifunza mambo manne.

Kwanza, maelezo hukaa nyumba moja na msimbo. Wengi hutumia Git, chombo kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambacho huhifadhi kila badiliko na aliyelifanya. Siku ya kutoa toleo, hubandikwa alama juu ya msimbo na maelezo kwa pamoja. Ukirudi kwenye alama hiyo miaka mitano baadaye, utayakuta maelezo yakiwa vilevile yalivyokuwa siku ile.

Pili, anwani ya kila ukurasa hubeba nambari ya toleo. Tovuti ya maelezo ya Python hufanya hivyo, na juu ya ukurasa kuna mahali pa kuchagua toleo lako. Ndani ya maandishi, kipengele kipya huwekewa kijisentensi kinachosema kimeongezwa tangu toleo lipi.

Tatu, maelezo ya zamani hayafutwi, huwekewa onyo. Wanairobi wengi hupeana miadi "hapo Archives", Moi Avenue, bila kuingia ndani ya jengo lenyewe. Mle ndani mna nyaraka za enzi ya ukoloni. Hakuna anayelipa kodi leo kwa kufuata waraka wa mwaka 1950, ila mtafiti anauhitaji, na kila waraka una tarehe na faili yake. Ndivyo ilivyo kwa programu. Kliniki yenye kompyuta kuukuu huenda ikabaki na toleo la zamani kwa miaka. Ukifuta maelezo yake umeiacha gizani. Ukiyaacha bila onyo utawapotosha wenye toleo jipya.

Nne, kosa likigunduliwa katika maelezo, huulizwa linagusa matoleo mangapi. Kosa la tahajia katika ukurasa wa leo huenda limo pia katika kurasa za matoleo matatu yaliyotangulia ambayo bado yanatumika, na yote hayo sharti yarekebishwe. Hapa ndipo kazi inapochosha, na ndipo miradi mingi ya kujitolea hulemewa. Kuandika msimbo mpya kuna sifa. Kupiga deki kurasa za zamani hakuna makofi.

Historia yetu ya hapa inaonyesha uzito wa jambo hili. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua utata, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliasisi Ushahidi ili wananchi waripoti vurugu kwenye ramani. Programu hiyo iliwekwa huria, na Januari 2010 ilitumika baada ya tetemeko la Haiti. Ilisambaa duniani ikiwa na jina la Kiswahili. Matoleo yake ya mwanzo yalipewa majina ya miji ya Afrika: 1.0 likaitwa Mogadishu, 2.0 likaitwa Luanda. Majina hayo yanapendeza, ila nomino ya pekee haina mpangilio. Nikikuambia nina Luanda na wewe una Mogadishu, hatujui nani kamtangulia mwenzake mpaka tutazame nambari. Baadaye toleo la 3 lilijengwa upya kutoka msingini, kwa hiyo aliyeshika maelekezo ya kusakinisha la 2 alikuwa ameshika ramani ya nyumba iliyobomolewa.

Watafsiri nao wana deni lao. Desemba 2004, kikundi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa hatua kubwa, na istilahi zake zilistahili sifa. Hata hivyo, Oktoba 2005 OpenOffice.org 2.0 ilitolewa. Kila menyu iliyoongezwa ilidai neno jipya, na kila menyu iliyohama ilidai sentensi isahihishwe. Mfasiri wa riwaya hukabidhi kazi akalala. Mfasiri wa programu hukabidhi toleo moja tu la kazi yake.

Jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Serikali inatuhimiza tutafute huduma mtandaoni, hospitali zinaacha vitabu vikubwa vya usajili, na shule zinapokea vishikwambi. Kila mahali pana karatasi ukutani inayomwelekeza mtu abonyeze wapi. Wanaosoma karatasi hizo kwa Kiswahili aghalabu ni wale ambao hawana namna ya kuyapata maelezo ya Kiingereza yaliyosasishwa asubuhi ile. Tukiwapa Kiswahili fasaha kisicho na nambari ya toleo, tunawapa imani wasiyoweza kuihakikisha. Msomaji wa Kiingereza ataona onyo la rangi juu ya ukurasa. Karani wetu hataonywa na ukuta.

Nilipokuwa kule kliniki niliketi na karani mapokezini. Tulifungua sehemu ya "Kuhusu" katika programu, mahali ambapo nambari ya toleo huandikwa, tukainakili. Nilirekebisha kurasa mbili tu kati ya kumi na mbili. Nyingine zilikuwa bado ni sahihi. Kisha juu ya kila ukurasa tuliandika mistari mitatu: maelezo haya ni ya toleo gani, yalikaguliwa tarehe gani, na ikiwa nambari kwenye skrini ni tofauti, usifuate karatasi hii kabla ya kumpigia msimamizi.

Karani aliusoma mstari wa tatu kwa sauti, akacheka. "Sasa mwalimu, hii yote si ungeandika tu mara ya kwanza?"

Ningeandika, naam. Karatasi za zamani sikuzichana. Nilizipiga mstari mwekundu, nikaziandikia nambari ya toleo lake na kuzitia kwenye faili kabatini, kwa sababu tawi lao la pili, upande wa Dagoretti, bado halijasasisha nakala yake.